Kuuliza na Kujibiwa: Uhakiki wa Mawasiliano ya Mtandao katika Malezi ya Walimu Tarajali, kwa Mtazamo wa Murara, Goma

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki namna mawasiliano ya mtandao yanavyotumika kuwasaidia walimu walio mafunzoni. Tutachunguza mipango miwili iliyopata sifa katika Afrika ya Mashariki, yaani matini za TESSA katika Kiswahili na mpango wa Teachers for Teachers wa kambi ya Kakuma. Tutailinganisha na mpango mkongwe zaidi, ule wa Tanzania ulioanza 1976, wakati mtandao haujajulikana. Mahali petu pa kutazamia ni Murara, mtaa wa komini ya Karisimbi katika mji wa Goma, Kivu ya Kaskazini.

Hakuna hata mmoja kati ya mipango hiyo ulioandaliwa kwa ajili ya Murara. Hiyo ndiyo sababu ya kupachagua. Mtandao husifiwa kuwa unafika popote. Kwa hiyo ni haki upimwe mahali ambapo waandalizi wake hawakupafikiria, lakini ambapo Kiswahili kinasemwa nyumbani, sokoni na darasani.

Dai letu ni hili. Waandalizi wengi wa mipango ya aina hii hujishughulisha na swali la namna ya kumfikishia mwalimu tarajali matini. Swali lililo zito zaidi ni jingine: je, mwalimu huyo anaweza kuuliza, kwa lugha atakayofundishia kesho yake, na akajibiwa na mtu anayelijua darasa kama lake kabla ya somo kuanza? Kwa kipimo hicho, mipango yote mitatu ina jambo la kutufunza, na mipango yote miwili ya mtandao ina upungufu ambao hautaondolewa kwa kuongeza vifaa peke yake.

2.0 Murara na Ngazi ya Lugha

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina lugha rasmi moja, Kifaransa, na lugha za taifa nne, ambazo katiba ya 2006 inazitaja kwa majina: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba. Sheria ya mwongozo wa elimu ya Februari 11, 2014 inasema kwamba lugha za taifa au lugha za mazingira zitumike kufundishia, na zenyewe zifundishwe kama masomo. Kuanzia 2015 mradi wa ACCELERE!, uliogharimiwa na Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu vya kusomea vya madarasa ya mwanzo katika baadhi ya lugha hizo, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwenye karatasi, basi, mtoto wa Murara ana haki ya kuanza kusoma kwa lugha anayoielewa.

Ni nani atakayemsomesha? Kwa desturi, mwalimu wa shule ya msingi wa Kongo huandaliwa katika sehemu ya ualimu ya shule za sekondari, na yule wa sekondari katika taasisi za juu za ualimu, zinazojulikana kwa kifupi cha Kifaransa ISP. Katika ngazi zote mbili mbinu za kufundisha hufundishwa kwa Kifaransa. Fishi ya matayarisho ya somo huandikwa kwa Kifaransa, na maoni ya mkufunzi juu yake huandikwa hivyo hivyo. Kisha mwalimu tarajali anaingia katika darasa la kwanza, ambamo kitabu ni cha Kiswahili cha vitabuni na watoto wanasema Kiswahili cha Goma.

Hapa pana ngazi yenye vidato vitatu: Kifaransa cha chuoni, Kiswahili cha kitabu na Kiswahili cha watoto. Mwalimu tarajali hupanda na kushuka ngazi hiyo kila siku ya mazoezi yake, na hakuna somo la chuoni linalomfundisha namna ya kufanya hivyo. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bila malipo Septemba 2019, madarasa yamefurika, na mwalimu mkongwe wa darasa la jirani, ambaye zamani angeulizwa wakati wa mapumziko, naye ameelemewa.

Tena Murara si mahali ambapo masomo huendelea bila kukatizwa. Volkeno ya Nyiragongo ililipuka Januari 17, 2002, na lava yake ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Ililipuka tena Mei 22, 2021. Siku tano baadaye wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waliamriwa kuhama, Murara ukiwemo. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa M23. Katika vipindi kama hivi mkufunzi na mwanafunzi wake hutenganishwa kwa siku au miezi, na mara nyingi simu ndiyo kiungo pekee kinachobaki. Kwa hiyo haja ya mawasiliano ya mbali si jambo la anasa. Linalobishaniwa ni aina ya mawasiliano yenyewe.

3.0 Mfano Uliotangulia Mtandao

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliitaka Tanzania itimize elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, wala vyuo havikutosha kuwaandaa. Kuanzia 1976 serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa madarasa ya kufundisha, na papo hapo ikawafunza ualimu kwa muda wa miaka mitatu. Makumi elfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo.

Mpango huo ulijengwa kwa mihimili minne: masomo ya posta, vipindi vya redio, mafunzo ya muda mfupi chuoni mwishoni, na wakufunzi waliowasimamia vijana hao karibu na shule zao. Haukukosa kasoro. Vifaa vilipungua, na ubora wa wahitimu ulijadiliwa kwa miaka mingi. Lakini mhakiki wa leo hana budi kutambua mambo mawili ambayo mipango ya mtandao imeyasahau kwa urahisi.

Kwanza, redio na posta havikuachwa vifanye kazi peke yake. Kijana aliyesikia kipindi asikielewe alikuwa na mtu wa kumwendea. Redio ilisema na maelfu kwa mara moja, naye mkufunzi alisikiliza mmoja mmoja.

Pili, lugha ilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali tangu 1967. Kijana aliyejifunza kwa Kiswahili namna ya kufundisha hesabu aliingia darasani siku iliyofuata akatumia maneno yale yale. Ni kweli kwamba wako watoto wengi ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao ya kwanza, na hilo lilikuwa tatizo lake. Lakini mwalimu mwenyewe hakulazimika kutafsiri mafunzo yake kabla ya kuyatumia. Mwalimu tarajali wa Murara hulazimika.

4.0 TESSA: Matini Zisizosikia

Mpango wa TESSA ulianza 2005 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwa kimojawapo. Matini zake hupatikana mtandaoni bila malipo katika Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Zimegawanywa katika nyanja tano: kusoma na kuandika, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii na sanaa, na stadi za maisha. Kwa jumla zina sehemu 75, na katika kila sehemu mwalimu hupewa shughuli za kufanya na watoto wake, chunguzi kifani za walimu waliozijaribu, na nyenzo za kurejea.

Sifa ya kwanza ya matini hizi ni kwamba zinamheshimu mwalimu. Zinamwita afanye jambo darasani, aangalie kilichotokea, na afikiri. Sifa ya pili ni leseni yake huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuzibadili zilingane na mazingira yake. Sifa ya tatu inawahusu hasa wasomaji wa jarida hili. Hizi ni miongoni mwa matini chache za ualimu zilizoandikwa kwa Kiswahili na kusambazwa kwa kiasi kikubwa, na zinathibitisha kwamba lugha yetu inaweza kuibeba taaluma ya ufundishaji bila kuchechemea.

Hata hivyo, tukizisoma tukiwa Murara, kasoro tatu zinajitokeza. Ya kwanza ni kwamba toleo la Kiswahili lilikusudiwa Tanzania. Mwanafunzi wa ualimu wa Kongo anapangiwa toleo la Kifaransa, ambalo liliandaliwa kwa kuitazama Togo. Hivyo anachagua kati ya matini inayosema lugha ya mkufunzi wake na ile iliyo karibu zaidi na lugha ya watoto wake. Hakuna inayomwonyesha jinsi ya kutoka katika moja kwenda katika nyingine, na huko ndiko anakokwama.

Kasoro ya pili imo katika chunguzi kifani zenyewe. Aghalabu mwalimu anayesimuliwa humo hujaribu jambo likafaulu, au likaharibika kidogo kisha likatengenea. Masimulizi ya namna hii hutia moyo, lakini hayamwambii kitu mwalimu ambaye amejaribu kuwagawa watoto 80 katika vikundi, katika chumba kisicho na nafasi ya kupita, akashindwa. Angependa kumwuliza yule mwalimu wa kifani: ulifanyaje? Mwalimu wa kifani hasikii.

Kasoro ya tatu ndiyo mzizi wa hizo mbili. TESSA ilitumia mtandao kama ghala: bidhaa nzuri imewekwa, mlango uko wazi, kila mtu achukue. Hiyo ni kazi njema ya uchapishaji. Lakini haitofautiani kimsingi na kifurushi cha posta cha 1976, isipokuwa kifurushi hakihitaji kungoja gari. Na kile cha 1976 kilifuatwa na mkufunzi.

5.0 Kakuma: Mazungumzo Yasiyo na Lugha ya Darasa

Mpango wa Teachers for Teachers uliendeshwa kati ya 2015 na 2017 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Uliongozwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia pamoja na mashirika yanayohudumia shule za kambini. Zaidi ya walimu 100 walishiriki. Wengi wao walikuwa wakimbizi wenyewe, waliopewa madarasa kabla ya kupata mafunzo kamili. Mpango uliunganisha mambo matatu: mafunzo ya ana kwa ana, walimu kutembeleana na kushauriana, na ushauri wa mbali kwa njia ya simu, ambapo vikundi vya walimu viliunganishwa katika WhatsApp na washauri waliokuwa nchi mbalimbali za ulimwengu.

Hapa tunaona hatua kubwa kupita TESSA. Mwalimu wa Kakuma aliweza kuuliza, na aliyejibu alikuwa mtu. Jambo lenye thamani zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa washauri wa mbali uliwafungulia pia walimu wenyewe kwa wenyewe. Mwalimu aliyekuwa na darasa kubwa alijua kwamba jirani yake naye analo, na jibu la jirani lilitoka katika vumbi lile lile.

Lakini mpango huu nao una mpaka wake. Shule za Kakuma hufuata mtalaa wa Kenya, na lugha ya ushauri ilikuwa Kiingereza. Mshauri aliye ng'ambo anaweza kusaidia katika mambo ya jumla: namna ya kutuliza darasa bila fimbo, namna ya kumtazama mtoto aliyeona vita. Hawezi kusaidia pale ambapo tatizo la mwalimu ni neno. Walimu wa madarasa ya mwanzo wanajua kwamba mara nyingi tatizo ni neno.

Tena mshauri wa kujitolea hana mkataba wa kudumu na darasa. Mpango unapokwisha, naye huondoka. Hili si lawama kwa Kakuma peke yake. Ni tabia ya miradi. Shirika la USAID, lililogharimia ACCELERE! na miradi mingine mingi, lilikoma kutekeleza misaada ya nje Julai 2025. Kila mpango wa malezi ya walimu unapaswa kuulizwa tangu siku ya kwanza: ni nani atakayejibu swali baada ya mradi kufungwa?

6.0 Neno Moja la Hesabu

Ili hoja yetu isibaki hewani, tuchukue mfano mdogo wa lugha. Katika Kiswahili cha Goma, kama katika sehemu nyingine nyingi za mashariki ya Kongo, kitenzi kutosha kina maana ya kutoa au kuondoa. Umbo lake ni la halali kabisa: ni toka iliyofanyiwa kama waka inavyokuwa washa, na amka inavyokuwa amsha. Katika Kiswahili sanifu, kutosha ni kuwa na kiasi kinachohitajika. Vivyo hivyo, kutumika kwa msemaji wa Goma ni kufanya kazi, na mtoto anayekwenda masomo anakwenda shule.

Tumfikirie mwalimu tarajali anayetayarisha somo la kutoa kwa darasa la kwanza. Fishi yake ni ya Kifaransa. Kitabu kinasema toa. Barabarani watoto husema tosha. Afanyeje? Akitumia toa peke yake, baadhi ya watoto watamfuata na baadhi watapotea, naye atadhani wameshindwa hesabu kumbe wameshindwa neno. Akitumia tosha peke yake, kesho watakutana na kitabu kisichowatambua, na huenda mkaguzi akamwandikia kwamba hajui Kiswahili.

Swali hili ni dogo, na jibu lake si gumu kwa mwalimu aliyekwisha kufundisha darasa la kwanza katika mtaa huo: aanze na tosha kwa vijiwe mkononi, alete toa watoto wakisha kulielewa tendo, na maneno yote mawili ayaandike ubaoni yakiwa sambamba. Lakini jibu hilo halimo katika matini za TESSA, wala mshauri aliye ng'ambo hawezi kulitoa, wala maoni ya mkufunzi yaliyoandikwa kwa Kifaransa hayaligusi. Limo katika kichwa cha mwalimu wa jirani aliyeelemewa na darasa lake. Kazi inayostahili kupewa mtandao ni kulitoa huko na kumfikishia mwenye haja usiku wa kuamkia somo.

Wako watakaopinga kwamba kwa njia hii tunahalalisha Kiswahili kibovu. Pingamizi hili lina historia ndefu, na limewanyamazisha wasemaji wengi wa Kongo mbele ya wenzao wa pwani. Jibu letu ni kwamba hatuzungumzii lugha ya mtihani bali daraja la kuifikia. Mwalimu asiyeruhusiwa kutaja neno la mtoto hana pa kuanzia safari ya kulifikia neno la kitabu.

Wengine watasema kwamba kikundi cha simu kinaweza kueneza makosa kwa kasi ile ile kinavyoeneza maarifa. Pingamizi hili ni la kweli. Kikundi kisicho na mwelekezi hugeuka upesi kuwa ubao wa matangazo, salamu na rambirambi, au mahali ambapo mwenye sauti kubwa hukubaliwa kuliko mwenye ujuzi. Ndiyo maana tulianza na mfano wa 1976. Mkufunzi hawezi kuondolewa. Kinachobadilika ni kwamba anaweza kusikiliza walimu ishirini kwa jioni moja, badala ya kumtembelea mmoja kwa juma.

Kuna pingamizi la tatu, la gharama na usalama. Vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa fedha ya mfukoni ya mtu asiyelipwa mshahara bado. Aidha mtandao hukatwa: kufuatia uchaguzi wa Desemba 30, 2018, huduma ya intaneti ilizimwa nchini Kongo kwa takriban siku 20. Mpango unaotegemea njia moja tu umejitia kitanzi. Kwa hiyo ujumbe wa maandishi mafupi na wa sauti fupi ni bora kuliko picha zinazotembea, na kila kilichojibiwa hakina budi kuhifadhiwa pia kwenye karatasi.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Tanzania ya 1976 ilikuwa na lugha na mkufunzi lakini ilikosa kasi. TESSA ina matini na lugha lakini haisikii. Kakuma ilikuwa na usikivu, lakini haikuwa na lugha ya darasa wala uhakika wa kudumu. Mambo haya yote hayajakutana mahali pamoja. Kukutana kwake hakuhitaji chombo kipya, kunahitaji uamuzi.

Tunapendekeza mambo manne. La kwanza, chuo chochote kinachopeleka walimu tarajali katika mazoezi kiwape vikundi vidogo, kila kimoja na mwalimu mzoefu wa darasa la aina hiyo, na saa za mwalimu huyo zihesabiwe kuwa kazi ya malipo. La pili, lugha ya maswali iwe ile atakayofundishia mwalimu. Kifaransa kibaki kwa fishi na mtihani, lakini mtu asilazimishwe kuuliza kwa Kifaransa jambo lililomtatiza kwa Kiswahili. La tatu, kila mwisho wa mwezi maswali na majibu yakusanywe, yachapwe, na kuachwa shuleni, ili yabaki hata mtandao ukizimwa au mji ukihamwa. La nne, leseni huria ya TESSA itumike kama ilivyokusudiwa: sehemu chache zichukuliwe, zipewe maneno ya Goma kando ya yale ya sanifu, na chunguzi kifani zake zisimulie pia somo lililoharibika.

Pendekezo hili la mwisho linatuhusu sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili. Tumeandika mengi juu ya lahaja za Kongo kama vielelezo vya fonolojia na mofolojia. Mwalimu tarajali wa Murara anahitaji elimu hiyo hiyo kwa ajili ya somo la kesho: orodha ya maneno mia mbili ya darasa la kwanza, kwa Kiswahili cha watoto, cha kitabu, na kwa Kifaransa cha fishi. Kazi hiyo ni ya muhula mmoja kwa darasa moja la isimu likishirikiana na walimu wa hapo. Methali yetu inasema kuuliza si ujinga. Walimu hawa wako tayari kuuliza. Wenye majibu nao wapo, na wengi wao wamo katika vyuo vyetu na katika shule za mtaa ule ule.